Tundu Lisilokuwepo

Msimu wa mpunga, mama hunigongea mlango mara mbili kwa mpini wa jembe, kisha huondoka bila kusubiri. Anayechelewa shauri yake. Ikifika saa kumi na mbili na nusu tunakuwa tumeshavuka mfereji, viatu mkononi, tukielekea kwenye majaruba ya mpunga ya kikundi chetu, hapa karibu na kijiji cha Ulaya, wilayani Kilosa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata matokeo ya kati na kati, yasiyo ya kujivunia wala ya kulilia. Basi nikaingia shambani pamoja na mama.

Kikundi chetu hulima mpunga wa mbegu, si wa kula. Wa kula hata ukichanganyika, sufuria haiulizi. Wa mbegu ni lazima uwe wa aina moja tupu. Kwa hiyo unapochanua tunajipanga safu moja, kila mtu na mistari yake minne, tunatembea polepole tukitafuta mpunga mgeni. Huo utaujua kwa urefu wake au kwa suke lake jekundu. Ukiuona unasema, "Simama!" Safu nzima inasimama mpaka uung'oe na mizizi yake na kuutia kwenye kiroba. Hakuna anayeruhusiwa kutangulia hata hatua moja, maana safu ikivunjika macho yanaruka mistari. Hiyo ni sheria ya mwenyekiti wetu, Bi. Hildegarda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuweza kuirudisha treni iliyokwisha kuondoka Kilosa. Sheria nyingine ni kwamba kila kaya hutoa watu wawili. Kwetu tulikuwa mama na mimi.

Mambo yangu yalianza katikati ya safu hiyo. Sikuwa nimekimbia wala kushtuka. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio. Ukaruka pigo moja, kisha ukapiga kwa kishindo mpaka nikausikia kooni. Vidole vikafa ganzi. Nikajua nakufa, na la ajabu ni kwamba nilichoona zaidi ni aibu, aibu ya kufa mbele za watu wenye kazi zao. Nikainama, nikajifanya nimechomwa na kitu mguuni. Baada ya muda zile mbio zikapoa.

Zikarudi tena Jumapili kanisani. Zikarudi nikiosha vyombo. Nikawa naishi nikiusikiliza moyo, na kila nilipousikiliza ulizidi. Safu iliniacha nyuma mara kadhaa, ikabidi wanisubiri.

"Hawa waliomaliza fomu foo," alisema Mama Grace, jirani yetu, "jua la saa tatu tu linawamaliza."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, ili wasijue.

Siku niliyokaa chini kwenye kingo za jaruba nikashindwa kuinuka, mama alinipeleka kituo cha afya. Huko wakaniandikia nikapimwe moyo hospitali ya Mikumi. Mama hakuweza kuacha zamu, hivyo nilisindikizwa na baba mdogo, Stefano, mdogo wake marehemu baba. Ndani ya basi, tulipokaribia Mikumi, alinigeukia.

"Mwanangu," akasema, "bora leo wakute kitu. Maneno yamekuwa mengi pale kijijini. Wakikuta kitu, watu watanyamaza."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno yale yaliingia na mimi chumba cha daktari.

Walinibandika nyaya kifuani, wakanitoa damu, wakanipima presha. Daktari alikuwa dada mpole aitwaye Loveth. Aliitazama ile karatasi yenye mistari ya mapigo, akatabasamu.

"Vipimo vya leo vyote ni vizuri, Costancia. Sijaona ugonjwa kwenye moyo wako."

Mwingine angemshukuru Mungu. Mimi uso ulinichoma kwa aibu. Nauli ya watu wawili, siku nzima ya kazi, halafu hakuna kitu!

"Kwa hiyo najifanya?" nikauliza.

"Sijasema hivyo. Mapigo unayoyasikia ni ya kweli. Kwa nini yanaanza, bado sijajua. Ila naona hofu nayo imeingia, na hofu huyazidisha. Hofu nayo inatibiwa kama maradhi mengine." Akanipa kadi na karatasi ya majibu. "Urudi baada ya wiki mbili, na uje na mama. Nataka naye asikie."

Nje, baba mdogo alisimama na kofia yake mkononi. "Wamesemaje?"

Nikafungua kinywa nimwambie ukweli. Nikayakumbuka maneno ya kwenye basi, nikakumbuka kicheko cha safu.

"Wamesema moyo una tundu."

Neno hilo niliwahi kulisikia redioni. Baba mdogo akaiweka kofia kifuani. Hakuomba kuona karatasi. Alizoea kusema kwamba mambo ya makaratasi ni yangu mimi msomi. "Pole sana, mwanangu," akasema. Nikaipokea pole ile huku nikitazama chini. Kadi na karatasi nikazificha kwenye daftari langu la zamani la jiografia.

Uongo ule ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Watu walinyamaza kweli. Mama alininyang'anya ndoo na ufagio, akaniwekea kiti kivulini. Mama Grace alileta kuku wa supu, akanishika mkono na machozi yakimlenga. "Nisamehe mwanangu, nilikucheka na kumbe unaumwa." Supu ile niliinywa. Lakini moyo, ambao nilidhani ungetulia sasa, ulizidi kwenda mbio. Wiki mbili zikapita. Sikurudi Mikumi.

Lakini kaya ilidaiwa mtu wa pili. Nafasi yangu kwenye safu ikachukuliwa na mdogo wangu Lightness, mwenye miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba. Mwanzo alikwenda alfajiri na kuwahi shule. Kisha akawa anachelewa. Wiki ya tatu hakwenda kabisa.

Alhamisi jioni, Mwalimu Yassin, mwalimu wake wa darasa, alibisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu," Lightness alisema, akificha mikono yake yenye matope.

"Marahaba. Siku nne hatukuoni, na Jumatatu ni mtihani wa majaribio. Mama Costancia, huyu mtoto ni wa tatu darasani. Kuna nini?"

"Mwalimu wangu," mama akajibu, "mkubwa ana tundu kwenye moyo. Mimi nina mikono miwili tu. Nifanyeje?"

Mwalimu akanitazama pale kwenye kiti changu, akashusha sauti. "Poleni. Sikujua."

"Mwalimu, usijali," Lightness akadakia. "Nitarudia darasa mwakani, dada akishapona."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayempisha mwenzake kisimani. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa na nafasi ya kusema palepale, na nikanyamaza. Mpaka leo hakuna kimya ninachokionea haya kama kile.

Kesho yake asubuhi nilipeleka uji shambani. Mkaguzi wa mbegu alikuwa anakuja wiki iliyofuata, na safu ilikuwa imefika jaruba la mwisho. Nikiwa juu ya kingo, niliona suke jekundu limesimama nyuma ya safu, refu, wala halijifichi. Lilikuwa kwenye mistari ya Lightness.

"Simama!" nikapiga kelele.

Safu ikasimama. Bi. Hildegarda akarudi, akaliona. "Nani amepita hapa?"

"Mimi," Lightness akasema.

"Ulikuwa umelala? Mkaguzi akiliona hili, jaruba zima linakuwa mpunga wa kula! Kazi ya miezi minne! Rudini wote mwanzo." Watu wakaguna. Mama akainamisha kichwa. Lightness akaanza kulia bila sauti, akijifuta kwa kiganja chenye matope.

Moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma. Niliteremka ndani ya jaruba, bakuli la uji likaniponyoka.

"Msimlaumu," nikasema. "Hapa alipaswa kuwa amesimama mtu mwingine. Moyo wangu hauna tundu. Daktari alisema vipimo ni vizuri. Nilidanganya."

Mama alikaa juu ya kingo, taratibu.

"Majuma matatu," akasema. "Majuma matatu namwomba Mungu alizibe hilo tundu."

Ningependelea anipige.

"Sasa wewe," Bi. Hildegarda akauliza, "unaumwa au huumwi?"

"Naumwa. Moyo unakwenda mbio, hata sasa hivi. Lakini ugonjwa wenyewe hauna jina. Niliona haya kurudi na ugonjwa usio na jina."

"Na kuku wangu?" akauliza Mama Grace.

Mtu mmoja akaangua kicheko, kisha wengine. Mama hakucheka. Alinyanyuka, akamvua Lightness kiroba begani, akanivalisha mimi. "Wewe Lightness, nenda kaoge, uwahi shule. Na wewe, jioni nitaiona hiyo karatasi ya daktari."

Jioni nilimpa mama kadi pamoja na karatasi, na kwa baba mdogo nilikwenda mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na mimi lile neno la kwenye basi sikupaswa kulisema." Jumatatu, Lightness akiwa kwenye chumba cha mtihani, mama na mimi tulipanda basi la Mikumi, na Mama Grace mwenyewe ndiye aliyeshika nafasi zetu kwenye safu pamoja na binti yake mkubwa. Daktari Loveth alimweleza mama yote aliyonieleza mimi. Akanipa daftari dogo la kuandika kila siku moyo unapokwenda mbio na nilikuwa nafanya nini. Akanizuia chai ya rangi nzito niliyokuwa nakunywa vikombe vitatu asubuhi. Akanifundisha kuvuta pumzi nikihesabu mpaka nne, na kuitoa nikihesabu mpaka sita. Tukapangiwa kurudi kila mwezi.

"Kwa hiyo atapona?" mama akauliza.

"Mama, atapata nafuu. Pengine siku moja moja mbio zitarudi. Akiwa na watu wa kumwambia, hazitamtisha kama zamani."

Tuliporudi shambani, nilipewa mistari yangu minne. Tulikuwa hatujafika katikati ya jaruba nilipousikia moyo unaanza. Pigo likaruka, kikafuata kile kishindo. Mazoea ni mabaya; nikainama haraka, nikajifanya natoa kitu mguuni.

"Costancia," akaita Bi. Hildegarda, "umeona nini huko chini?"

Nikainuka. Watu kumi na wanane walikuwa wananitazama. Uso uliniwaka moto.

"Sijaona kitu. Moyo umeanza."

"Simama!" akapaza sauti, na safu nzima ikasimama.

Nikavuta pumzi, nne. Nikaitoa, sita. Bi. Hildegarda akaja akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ambayo kwake ni ya chini, yaani safu yote ilisikia.

"Sikiliza, binti yangu. Mpunga mgeni siku ya kwanza ni mche mmoja, unaung'oa kwa vidole viwili. Ukiona haya kuisimamisha safu, ukaupita, utapukutisha mbegu zake, nawe mwakani utang'oa jaruba zima. Uongo wako ulikuwa hivyo. Ulikaribia kumng'oa mdogo wako shuleni. Na maradhi ni hivyohivyo, yawe na jina au yasiwe nalo. Kuumwa si aibu. Sema mapema, tusimame."

Mama, mistari minne kutoka kwangu, aliitikia kwa kichwa bila kunitazama. Alikuwa bado hajanisamehe yote, nami nilijua.

Nilihesabu pumzi kumi na mbili. Moyo ukaanza kushuka, pigo kwa pigo. Nilipoinua macho kuwaambia tuendelee, niliitazama safu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyekuwa ametangulia hata hatua moja.