Kifaa cha Nne

Jambo la mwisho la kawaida kutokea siku ile ni shemeji yangu Loveness kunigombeza kwa sababu ya uji.

"Huu ni uji au gundi ya kubandikia mabango?" aliniuliza. Alikuwa ameinua kijiko juu na uji umegoma kudondoka. "Mtoto sauti imemkauka tangu asubuhi, wewe unamlisha zege. Shemeji, fani yako ni majengo, siyo jikoni."

Alikuwa anasema kweli. Mimi ni mkadiriaji majengo. Nahesabu matofali kabla hayajafyatuliwa. Tangu mke wangu Genoveva afariki, mdogo wake huyu amekuwa akitoka Chang'ombe kila Jumamosi kuja kwetu Bunju kunisaidia kumlea binti yetu, Elinaza, ambaye ana miaka minne. Ananisaidia na ananigombeza, vyote kwa nguvu sawa.

Elinaza alikuwa amejilaza kwenye kochi. Hakuwa na homa. Zahanati walimpima, hawakuona kitu. Alinivuta shati, akainyooshea kidole simu yangu mezani. Nilijua anachotaka.

Genoveva alikuwa na wimbo wake wa kumlaza mtoto, aliutunga mwenyewe. Lala kidole, lala kisigino, lala goti, lala kiuno... anaupanda mwili mzima mpaka mwisho kabisa: lala sikio, la watu usisikie. Kabla ya neno kisigino alikuwa anavuta pumzi, kila mara, kama mtu anayeruka mfereji. Nilikuwa na video moja ya Elinaza akisinzia. Mama yake haonekani, anasikika tu. Bila video ile mtoto hakuwa analala.

Nilifungua simu. Video haikuwapo.

Nieleze kidogo. Familia yetu ilikuwa na akaunti moja ya kuhifadhi picha mtandaoni. Ukipiga picha kwa simu yangu, inapanda yenyewe, na baada ya muda mfupi unaikuta kwenye simu ya Genoveva na kwenye kompyuta ya nyumbani. Ni kitu kizuri. Simu ikiibwa, picha zinabaki. Lakini kina upande wa pili: kinachofutwa kwenye kifaa kimoja kinafutika kwenye vyote.

Nilitafuta video nyingine ya Elinaza. Nikapata ya siku alipotimiza miaka mitatu, anacheka na keki usoni. Nilipotaka kuifungua, ikageuka kijivu. Ikatoweka. Nikagusa iliyofuata. Nayo ikaenda.

Kwenye kochi, Elinaza alifungua mdomo kuniita.

Hakikutoka kitu. Hata ule mkwaruzo wa asubuhi haukuwapo.

 Nilikuwa nimeshayaona haya. Kabla Genoveva hajaugua, aliniambia rekodi zake za sauti zinafutika zenyewe. Nilimjibu kwamba hifadhi imejaa. Siku chache baadaye sauti ikamkauka. Kisha zikaanza kupotea picha zake, na yeye akaanza kupungua nguvu. Hospitali walipima kila kinachopimika. Tulipomzika, akaunti nzima haikuwa na sura yake hata moja.

Nilifungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilipaswa kuwa vitatu: simu yangu, simu yake, kompyuta yetu.

Vilikuwa vinne.

Cha nne kilikuwa kompyuta pia. Chini yake kulikuwa na neno moja: Manzese.

Nilijaribu kukiondoa. Akaunti ikanijibu kwamba namba za uthibitisho zitatumwa kwenye simu ya aliyeifungua. Namba ya simu hiyo haikuwa yangu, wala ya Genoveva. Nilikaa nikaifikiria, ndipo nikakumbuka. Zamani, tulipokuwa tumepanga Manzese, Genoveva alitaka kuomba kazi kwa mtandao, akaenda kufunguliwa akaunti steshenari. Watu wengi wanafanya hivyo mpaka leo. Dada wa steshenari anaweka namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka, anakuandikia neno la siri kwenye kikaratasi, unamlipa, unaondoka. Umejenga nyumba, funguo kabaki nazo mwingine.

Nikapiga ile namba. Ikapokelewa.

Hakuna aliyesema kitu. Lakini kwa nyuma mtoto alikuwa anacheka.

Nilikitambua kile kicheko. Mwenye nacho alikuwa mbele yangu kwenye kochi, kafumba mdomo.

"Unaenda wapi na mtoto yuko hivi?" Loveness aliniuliza aliponiona nachukua ufunguo wa gari.

"Manzese."

"Kufuata nini?"

"Kitu chake."

Nilifika jua limeshazama. Umeme ulikuwa umekatika. Wauza chipsi walikuwa wamewasha taa za chaji, jenereta zinanguruma huku na kule, na basi la mwendokasi lilipopita barabara kuu mwanga wake uliifagia mitaa, kisha giza likarudi zito zaidi. Niliacha gari, nikaingia kichochoro cha nyuma ya duka la magodoro.

Steshenari ilikuwa palepale. Ndani kulikuwa na mwanga wa kompyuta.

Hapakuwa na jenereta. Nilisimama mlangoni nikahakikisha, kwa sababu ndivyo nilivyo. Waya wa kompyuta ulikuwa umeviringishwa juu ya meza, haujachomekwa popote.

Harufu ilikuwa ya plastiki ya moto, ile wanayofunikia vyeti. Na chini yake, harufu nyingine... ya godoro alilolala mgonjwa siku nyingi.

"Tumefunga," alisema mwanamke aliyeketi nyuma ya mashine. Alikuwa wa rika langu, mwembamba, kajifunga kitenge juu ya gauni. Nilimkumbuka jina: Monica.

"Mlango uko wazi, dada."

"Uko wazi kwa wenye shida." Alininyanyulia uso. "Ahaa. Msomi. Mume wa Genoveva. Mlikuwa mmepanga hapo nyuma kwa Mudathir, ukawa unapita hapa na mkoba wako kila siku, hata salamu hutoi. Leo umeijua njia?"

"Nimekuja kwa ajili ya akaunti."

"Wote wanakujaga kwa ajili ya akaunti. Mkeo alikuwa na utu, yeye. Alikuwa ananiletea maandazi."

"Kompyuta yako inafuta picha za mwanangu."

"Haifuti," alisema taratibu. "Inahamisha."

Printa ikaanza kuvuta karatasi.

Krr... krr... krr.

Karatasi ilitoka uso juu. Ilikuwa picha ya Elinaza na gauni lake la Krismasi, imezungushiwa fremu nyeusi yenye msalaba kwenye pembe. Chini, jina lake. Kuzaliwa: tarehe yake, sahihi kabisa. Kufariki: nukta nukta.

"Nawahi kazi," Monica alisema, akaipitisha ile karatasi kwenye mashine ya plastiki. "Kesho kutwa mtakuja mbio hapa, mnataka ratiba za mazishi za watu mia mbili, na mnataka zitoke saa hiyohiyo. Nawajua nyie."

Nilishika ukingo wa meza. "Nani alikupa ruhusa?"

"Mkeo. Maneno yalikuwa hapo kwenye kioo, mengi tu. Nikamwambia soma. Akacheka, akabonyeza 'nakubali'. Hakuna anayesomaga."

Nyuma yake kulikuwa na pazia. Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

Kisha akaanza kuimba.

Lala kidole...

Akavuta pumzi.

...lala kisigino.

Sijui nilifikaje kwenye lile pazia. Monica hakunizuia. Nililivuta, na kwa mwanga wa simu yangu nikaona bibi kizee amelazwa kwenye godoro chini, kakauka, mikono kama kuni, macho meupe. Mdomo wake tu ndio ulikuwa hai.

Nimelelewa kusalimu wakubwa. Midomo yangu ilisema yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu.

Ilikuwa sauti ya Genoveva.

"Injinia wangu wa makaratasi," ikasema. "Mbona umekonda hivyo? Loveness anakunyima chakula?"

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Lilikuwa jina la chumbani. Nilipiga magoti. Nilitaka aongee tena. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Kwa muda fulani pale chini nilitaka tu aongee tena.

"Mama yangu huyo," Monica alisema nyuma yangu. "Madaktari walimrudisha nyumbani afie kwangu. Nikasema hafi. Kila akipungukiwa, namwongezea. Mkeo kamtosha miezi mitatu, ameshaanza kuisha. Mtoto atamtosha muda mrefu. Watoto wana vingi."

Bibi kizee alicheka. Kilikuwa kicheko cha siku ya keki.

Hapo nikasimama.

"Nataka zile namba."

"Simu yangu hiyo hapo mezani. Sikukatazi." Alikunja mikono. "Ila ujue unachokitoa. Ukikiondoa kifaa changu, yeye anakwenda. Na huyo wako anakwenda naye. Hutamsikia tena, popote."

Nilibonyeza kwenye simu yangu: tuma namba. Simu ya Monica ikatetemeka juu ya meza. Nikazisoma. Sita. Nikaanza kuziandika.

"Injinia," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Usinitoe. Hapa kuna joto. Unakonipeleka ni giza..."

Niliandika namba ya tatu.

"Nilikwambia rekodi zinafutika. Ukaniambia hifadhi imejaa. Unakumbuka?"

Ya nne.

"Kaa nami. Mtoto hatajua kitu. Atalala tu."

Vidole vyangu vilisimama. Genoveva hakuwahi, hata siku ya hasira, kusema neno kama lile. Sauti ilikuwa yake. Aliyekuwa anaitumia hakuwa yeye.

Ya tano. Ya sita.

Sauti iligeuka. Ilinitukana kwa midomo ya mke wangu, matusi ambayo hakuyajua, kisha katikati ya tusi ikarudi kwenye wimbo, upesi upesi, kama mtu anayewahi kumaliza: lala shingo, lala kidevu, lala...

Kwenye kioo cha simu yangu kikatokea kiboksi cheupe. *Je, ni wewe?*

Nikabonyeza: Ndiyo, ni mimi.

*Ungependa kuondoa kifaa hiki?*

Nikaondoa.

Kompyuta ilizimika. Nyuma ya pazia palikuwa kimya. Neno sikio halikutoka.

Nilitegemea Monica apige kelele. Hakupiga. Alikaa gizani, nikamsikia anavuta karatasi mpya, anaipanga vizuri kwenye printa, anaipigapiga kingo zilingane.

"Kwenu hawakukufundisha?" aliniuliza kwa kunong'ona. "Ukiitwa gizani na usiyemjua, unaitika?"

"Hakuna aliyeniita."

"Imekuuliza kama ni wewe." Alisikika kama anayetabasamu. "Umeitika."

Krr... krr...

Sikusubiri kuona inachotoa.

Nilikuwa nimefika kwenye gari simu ilipoita. Nilisita kuipokea. Jina lilikuwa la Loveness.

"Shemeji! Njoo umsikie mwanao. Kaamka anadai uji. Nimempa wa kwangu, kaukataa, anataka ule wako wa zege!" Alikuwa anacheka na kulia. Kwa nyuma nilimsikia Elinaza, sauti nzima, akigombana na kijiko.

Niliweka kichwa kwenye usukani, nikakaa hivyo mpaka basi jingine la mwendokasi lilipopita.

Asubuhi picha za Elinaza zilikuwa zimerudi, zote. Hata video ya kusinzia ilikuwapo. Niliifungua kabla mtoto hajaamka. Anapiga miayo, anasugua jicho, kope zinaanguka. Hakuna anayeimba. Unasikia feni tu.

Nilipanda juu kwenye picha za zamani kutafuta chochote. Picha yangu ya mahafali ya chuo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, na joho limenipwaya. Ikageuka kijivu.

Nilifungua orodha ya vifaa. Kulikuwa na simu yangu, simu ya Genoveva, kompyuta yetu. Hapakuwa na cha nne cha kuondoa. Nilifungua mahali panapoonyesha kilichofutwa na kilikofutiwa. Paliandikwa: simu hii.

Nilijaribu kukohoa kusafisha koo. Kulikuwa na kitu kama vumbi la saruji ndani yake.

Nikaenda dukani kwa Benson, jirani yetu anayeuza simu pale kituoni Bunju, nikanunua kitochi, kile cha batani kisichojua mtandao ni nini, pamoja na kadi ya kumbukumbu. Nikaingia kwenye gari, nikafunga vioo, nikakiweka kitochi kirekodi. Nikaimba wimbo wa Genoveva. Sina sauti ya kuimba, na ile niliyokuwa nayo ilikuwa inakatika. Nilirudia mara nyingi. Kabla ya kisigino nilivuta pumzi. Sikukosa kiungo hata kimoja, na nilifika mwisho: lala sikio, la watu usisikie.

Loveness nilimkuta anaanika nguo za mtoto. Nikampa kitochi mkononi, nikavifunga vidole vyake juu yake.

"Kiwe cha Elinaza," nilimwambia. "Kikae kwako. Usikiunganishe na kitu chochote. Kompyuta, simu, chochote."

Alinitazama.  Akanisogelea, akainamisha sikio karibu na mdomo wangu.

"Shemeji, ongea vizuri. Sikusikii. Umelala na feni?"

Nikatikisa kichwa kukataa, kisha nikamwonyesha kwa kidole kitufe cha kuchezea wimbo.