Kipimo cha Uzi Mwekundu

Zipu ilimgomea katikati ya soko la vitambaa, mchana wa jua kali, watu wamesongamana. Kijana mchonga funguo alihangaika ndani ya koti lake zito, jasho likimtiririka, shada la funguo likilia kiunoni. Msichana aliyekuwa akishona gauni la njano pale kwenye kona alisimamisha cherehani, akamtazama.

"Kaka, funguo zote hizo na zipu imekushinda?"

"Zipu haina tundu la ufunguo, dada."

Aliambiwa koti litakuwa tayari baada ya siku tatu. Alikwenda kuliulizia kila siku. Mwaka haukuisha, kijana akawa anamwita msichana Sindano, naye akamwita Kufuli, kwa kuwa ya moyoni hayakumtoka kirahisi.

Dada yake Kufuli alikuwa ameolewa nchi jirani, karibu na mlima mrefu. Walipokwenda kumtembelea, Kufuli alitaka waupande, kwenda na kurudi siku moja.

Walianza alfajiri. Sindano alivaa viatu vya kuazima na suruali ya mifuko sita aliyojishonea mwenyewe. Kufikia saa nne mawe yaliteleza, na upepo ulipenya hadi mifupani. Kwenye kibanda cha kupumzikia, Kufuli akamvika koti lake, lile lile. Mfukoni vidole vya Sindano viligusa uzi mwekundu uliofungwa kuwa duara dogo.

Mshonaji haelezwi kipimo. Akauingiza kwenye kidole cha pete. Ukapwaya.

"Hiki kipimo cha pete. Cha nani?"

Pete yenyewe ilikuwa ndani ya soksi ya Kufuli, ikingoja kilele. Akababaika. "Cha mteja."

"Tangu lini mchonga funguo akapima vidole?"

Kufuli alicheka tu, akasema atajua huko mbele. Sindano akakumbuka simu ambazo Kufuli alikuwa akienda kuzipokelea uani wiki nzima kabla ya safari. Alisema ana kiu. Kufuli akateremka kijitoni kuchota maji, na njiani akaamua akirudi amwambie pale pale, kilele kisubiri.

Aliporudi, koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Sindano alikuwa ameshafuatana na watu waliokuwa wakishuka, uzi mkononi, simu ameizima. Jioni alikuwa ndani ya basi la kurudi kwao.

Kufuli na waokoaji walimtafuta hadi kesho yake, mpaka sauti ikamkauka. Kisha dada yake alipigiwa simu na shangazi yake Sindano: mtoto yuko nyumbani, amekula, amelala.

Sindano alingoja kuombwa radhi. Simu haikulia. Baada ya miezi minne alikuja dada yake Kufuli, akaweka pete juu ya cherehani. Alieleza kwamba zile simu za uani zilikuwa zake, wakipanga posa. Kuhusu uzi, Kufuli alipata kipimo kwa kuuzungusha kwenye kastabini, kile kikofia cha chuma anachovaa Sindano kidoleni asichomwe anaposhona.

"Yeye huchonga ufunguo kwa kufuatisha ufunguo mwingine, wifi yangu. Akadhani kidole nacho ni hivyo."

Sindano alivaa pete, ikapwaya. Akaivika kastabini. Ikakaa sawasawa.

Akapiga simu. Upande wa pili mashine ya funguo ikanyamaza.

"Kufuli wangu, nisamehe. Nimeivaa."

"Imekutosha?"

"Imeitosha kastabini."

Alimsikia akitaka kucheka, akajizuia.

"Sindano, siku ile nilichungulia makorongo kumi na moja. Kila moja nilikuita, huku nikiomba usiitike kutoka chini. Ungesema tu kwamba unaondoka."

"Na wewe ungesema tu kwamba ni changu."

"Kweli. Hapo nilikosea."

"Basi nije?"

"Usije, mpenzi. Utakuja, nitafurahi. Siku ukichelewa kurudi kutoka sokoni, nitaanza tena kuchungulia mashimo. Siwezi."

Kufuli alimwambia pete abaki nayo, akamuaga kwa upole.

Mteja alikuwa akisubiri gauni lake. Sindano akatunga uzi, akavaa kastabini kidoleni, pete ikiwa juu yake, akaanza kukunja pindo. Alishona hivyo mpaka soko likafungwa.