Mstari wa Nane

Jambo la mwisho la kawaida lilitokea Alhamisi jioni, kibarazani kwa fundi cherehani. Mkaguzi wa mizani alikuwa amekwenda na bintiye kuchukua sketi ya shule, maana shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Fundi, mama wa makamo aliyeishi nyumba ya pili, alimtazama mtoto kichwani, akacheka hadi pini zikamtoka mdomoni.

"Baba Kijiko, hizo ni nywele au umemvika mwanangu kiota?"

"Ninajifunza, mama."

"Kajifunze kwa mbuzi kwanza!"

Na yeye akacheka. Hakuwa amecheka tangu amzike mkewe, wiki tisa zilizopita.

Mtu yule, ambaye kazini aliweza kugundua gramu mbili zilizopunguzwa kwenye mzani wa duka, alikuwa ameshindwa na nyumba ya vyumba viwili. Koki ya jikoni ilivuja mchana na usiku. Ndo... ndo... ndo... Komeo la mlango halikushika, hivyo mlango ulizuiwa kwa tofali. Mifuniko ya sufuria ilijificha. Maziwa yalingoja ageuze shingo ndipo yafurike. Mkewe alikuwa akiyamaliza haya yote kimyakimya, wala yeye hakujua kama yapo.

Giza lilikuwa linaanza kuingia alipomkalisha Kijiko kwenye mkeka wa sebuleni. Kijiko alikuwa na miaka saba. Jina hilo alipewa na mama yake kwa wizi wa sukari. Kitana kikakwama nyweleni.

"Mama hakuwa anavuta," mtoto akalalamika.

Akajaribu tena, polepole. Jino la kitana likavunjika. Mtoto akaangua kilio. Jikoni, koki ikajibu: ndo... ndo...

Alikitupa kitana sakafuni.

"Basi anayejua kusuka na aje asuke! Mlango wenyewe haufungi!"

Aliyasema kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi. Papo hapo akasikia harufu ya maziwa yanayoungua, akakimbilia jikoni. Akazima jiko, akafuta, akarudi. Dakika tatu, si zaidi.

Mistari miwili ilikuwa imeshasukwa.

Ilinyooka kama iliyopigwa kwa rula.

"Nani amekusuka?"

"Ameshaondoka. Amesema kichwa changu ni mistari minane. Atakuja kila jioni, miwili miwili."

Alitoka nje. Njia ilikuwa tupu. Akajiambia ni fundi tu, amemwonea huruma akapita na kutoka. Aliona haya kwenda kuuliza.

Ijumaa, ilipofika saa ile, alikwenda jikoni mwenyewe, akakaa huko akiosha vikombe vilivyokuwa safi. Hakuchungulia. Mtu akikusaidia humsimamii kichwani. Aliporudi, mistari ilikuwa minne. Jumamosi ikawa sita. Jumamosi hiyohiyo koki iliacha kuvuja, na komeo likashika lenyewe. Fundi alikuwa na mkwe wake fundi bomba. Akadhani ni huyo.

Usiku, akimfunika mtoto shuka, alinusa nywele zake. Zilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Ghafla lilimjia wazo ambalo mtu wa vipimo hapaswi kuwa nalo, na lilimjia kwa furaha.

"Mikono ya huyo anayekusuka ikoje?" alinong'ona.

"Baridi. Ya mama ilikuwa ya moto."

Alizima taa. Hakuuliza zaidi. Mpaka leo hajajisamehe kwa kutouliza.

Jumapili jioni alimwacha Kijiko kwenye mkeka, akachukua pakiti ya sukari, akaenda kutoa shukrani.

"Asante kwa nini tena?" fundi aliuliza, mkasi mkononi.

"Kwa nywele za mtoto."

Fundi hakucheka.

"Baba Kijiko, sijavuka kizingiti chako wiki nzima. Mimi nilidhani umepata msusi. Jana nilimwona mtoto dirishani, na nyuma yake..."

"Nyuma yake nini?"

"Nilijua ni nguo zimetundikwa." Akashusha sauti. "Leo asubuhi ameniambia haendi shule kesho. Eti mstari wa nane ukiisha, anaondoka na msusi wake. Nikajua unampeleka kwa ndugu."

Pakiti ya sukari ilipasuka kibarazani. Alikuwa ameshatoka mbio, fundi nyuma yake.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Mlango ule, ambao hadi jana haukuwahi kufunga.

Aliusukuma, haukutikisika. Akatega sikio. Koki kimya. Nyumba nzima kimya, isipokuwa kitana. Kwaru... kwaru... kwaru...

"Kijiko! Fungua!"

"Subiri, baba. Bado kidogo."

Kisha sauti nyingine, ya chini, tulivu, kama ya mtu aliyebana kitu kwa meno huku mikono iko kazini:

"Umeniita mwenyewe. Niache nimalize."

Aliupiga mlango bega. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, komeo likang'oka.

Kijiko alikuwa mkekani, ameegemea nyuma kama mtu aliyelaza kichwa kwenye magoti ya mwenzake. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Lakini mstari wa nane ulisimama kutoka kisogoni mwake, umekazwa hewani, na ncha yake ilikuwa inajisuka... inajisuka...

Alimkumbatia mtoto, akavuta. Msuko haukuachia. Mtoto akapiga yowe.

"Mkasi!"

Fundi alimtia mkasi mkononi. Akakata.

Kitu kilishusha pumzi karibu na sikio lake. Harufu ya majivu ikapita mlangoni, ikatoka.

Walimulika kila pembe kwa tochi. Kile kipande cha msuko hawakukiona. Wala kitana.

Asubuhi alimnyoa Kijiko upara. Alifumua msuko mmoja mmoja, na katika kila mmoja alikuta unywele mrefu, mweupe. Mkewe alikufa na miaka thelathini na moja, hana mvi hata moja. Alivichoma vyote uani. Zile nyeupe zilichelewa kushika moto.

Kisha alichukua spana, akailegeza koki mpaka ikaanza tena. Ndo... ndo... ndo...

"Ukisikia hii imenyamaza," alimwambia mtoto akimvika kofia, "usiniite, usichukue kitu. Toka nje, ukimbie."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa umelala."

Kijiko alipapasa kisogo chake chini ya kofia.

"Na nywele zikiota tena, baba, nani atanisuka?"

Jibu lilimfika mdomoni. Akakumbuka kwamba bado wamo ndani, na nani huenda anasikiliza, akalimeza. Alimwashiria viatu, akamshika mkono, na hakusema neno mpaka walipofika barabarani.