Jiwe la Mlangoni kwa Mavis

Watalii wakija Skelby, kijiji chetu cha pwani, hupiga picha magofu ya kanisa na ndege wa majabalini, halafu wanakula samaki na chipsi ufukweni huku wakifukuzana na shakwe. Mlango wa bluu wa jirani yangu Mavis nao hawauachi. Lile jiwe lenye tundu linaloning'inia juu yake wanadhani ni pambo. Pambo! Kila nyumba inayotazama bahari hapa kwetu inalo, ili waliozama baharini wasiingie.

Wilf, mume wa Mavis, alikwenda kutega kaa, hakurudi wala mwili haukuonekana. Alasiri moja ya ukungu nikamkuta Mavis amelishusha jiwe na ameandaa vikombe vitatu.

"Mavis, una wazimu?"

"Namtaka mume wangu, shoga. Vyovyote atakavyokuja."

Nilimsema mpaka nikachoka. Yeye akamimina chai. Nikakaa, maana roho ilikataa kumwacha peke yake.

Ukungu ukaingia. Kokoto zikalia nje. Mlango ukasukumwa. Mtu hatukumwona, ila nyayo za maji zilikuja sakafuni mpaka kwenye kiti cha Wilf. Kiti kikalia.

Mavis alikuwa akitabasamu, machozi yanamtiririka. Kisha akaitazama ile sakafu, uso ukamsawijika.

"Siye," akaninong'oneza. "Wilf hajawahi kuingia bila kufuta miguu."

Akaruka, akalitundika jiwe, akaubamiza mlango. Kiwewe tu hicho. Jiwe huzuia wa nje, halimtoi aliyekwisha kuingia.

Hapo ndipo tukasikia. Nje, kwenye zulia la mlangoni, mtu anafuta viatu. Wa kulia. Wa kushoto. Taratibu, bila haraka. Kisha kimya. Anangoja.

"Wilf," Mavis akasema, akaufuata mlango. Nyayo za maji zikamtangulia, zikasimama mbele yake. Nilimshika kiunoni, nikamburuta, tukatokea mlango wa jikoni.

Sasa anaishi kwangu. Nyumba yake imefungwa, lakini kila asubuhi kioo cha dirisha la mbele kina alama ya kiganja kibichi, kwa ndani. Na zulia la nje lina mchanga mbichi.

Lilikuwa nao mpaka jana. Leo limekauka. Mchanga uko kwenye zulia langu.

Mavis ameuona. Tangu asubuhi hajagusa chai, analitazama jiwe langu la mlangoni.