Sponji ya Kiti cha Bibi Mkunga

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala haraka, kisha nikaenda karakana kwa baba. Baba ni fundi makochi. Kazi yangu pale ilikuwa moja na niliipenda kupita kiasi: kuchora sponji kwa chaki kabla baba hajaikata. Ndiyo maana aliniita Chaki, na jina hilo likanifuata hata shuleni. Mama alikaa pembeni na cherehani yake akishona vitambaa vya makochi, huku akitutania kwamba tungekuwa tunalipwa kwa kupiga soga, tungekuwa matajiri.

Baba alikuwa na jambo lingine lililomkaa moyoni. Alipiga gitaa katika bendi ya mafundi wenzake, nao walifanya mazoezi jioni kwenye chumba cha nyuma cha kinyozi. Kinyozi ndiye aliyekuwa mwimbaji. Aliimba hata akiwa kazini, na wateja wake walishazoea kukaa na ndevu nusu mpaka ubeti uishe. Mwaka ule walimpata mtu wa kuja kuwarekodia wimbo wao wa kwanza. Kikwazo kilikuwa kelele za barabarani, maana kila pikipiki iliyopita iliingia ndani ya wimbo. Mrekodi aliwaambia wazi kwamba kuta zisipofunikwa na kitu kinene, asiitwe.

Siku hizohizo Bibi Mkunga alileta kiti chake. Ndiye aliyenizalisha mimi, na nusu ya darasa letu. Sasa alikuwa amestaafu, anaishi peke yake, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu. Kiti kikiwa laini alizama asiweze kuinuka. Baba alimpimia sponji mpya, ngumu, iliyonyanyuka upande wa kushoto, nami nikaichora kwa uangalifu wote. Juu yake niliandika kwa chaki, "Bibi Mkunga, kushoto juu," ili isije ikageuzwa.

Kiti kilifunikwa kitambaa nikiwa shuleni. Jioni nilifuatana na baba kukipeleka. Wakati baba anakiweka sawa karibu na dirisha, Bibi Mkunga alinivuta pembeni akaniuliza kama kweli ndani mna sponji mpya, kwa kuwa mafundi wa siku hizi wanajulikana. Nilijibu bila kusita.

"Ni mpya, Bibi. Nimeichora kwa mkono wangu."

Baba alisikia. Aliinama akaendelea kufuta miguu ya kiti, ingawa haikuwa na vumbi.

Wiki chache baadaye mama alinituma nimpelekee Bibi Mkunga maziwa. Nilibisha hodi, akaniitikia kwa sauti ndogo niingie tu. Nilimkuta amezama kwenye kile kiti, magoti yakiwa juu kuliko tumbo. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Alijaribu kuinuka akashindwa, na simu ilikuwa chumbani. Hakuwa amekunywa hata maji. Nilimvuta mpaka jasho likanitoka, na aliposimama alishika ukuta akafumba macho kwa maumivu. Hata hivyo hakumlaumu mtu. Alisema kiti kilididimia kidogo kidogo, labda yeye ndiye amenenepa.

Nilibonyeza kiti. Ndani mlikuwa na mabongemabonge. Nimegusa sponji tangu sijajua kusoma, na ile haikuwa niliyoichora.

Nilikimbia kwa kinyozi kumwita baba, nikijiambia njia nzima kwamba kuna kosa, kwamba sponji zilichanganywa karakana. Niliingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Kuta zote zilikuwa zimefunikwa. Palikuwa na makatoni ya mayai, mazulia yaliyochakaa, na katikati, nyuma ya kiti cha baba, palikuwa na sponji mpya. Ilikuwa imekatwa vipande viwili na kugandishwa kwa gundi. Kwenye kipande kimoja, maandishi yangu yalikuwa kichwa chini.

Baba aliacha kupiga gitaa.

"Chaki, nimeiazima tu," alisema. "Tukisharekodi, nitamwekea nyingine."

"Yeye anajua kwamba umeiazima?"

Aliinamia gitaa lake. Nilihisi uso unawaka, na mambo niliyokuwa nimeyabana yakatoka yote.

"Ameshinda kwenye kiti kama mfungwa, Baba. Na mimi ndiye niliyemwambia ni mpya. Ulinisikia nikimwambia, ukanyamaza. Umenifanya muongo na mimi sijui."

Kinyozi alimgeukia baba taratibu. Yeye pia alikuwa amedanganywa; aliambiwa kwamba yale ni mabaki ya karakana. Alishika ncha ya sponji akaivuta, ikachanika. Alibaki na kipande mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana wimbo.

Nyumbani sikumsalimia baba. Sikutaka hata kukaa alipokaa. Kilichoniuma si sponji peke yake. Ni kwamba kila jioni tulikuwa tumekaa naye, anacheka nami, ananiita Chaki, na lile jambo analo kifuani. Nilijiuliza ni mangapi mengine yamefunikwa kitambaa nikiwa shuleni.

Baba alimweleza mama kila kitu. Alisema kiti atakitengeneza Jumapili, kwa sababu mrekodi anakuja Jumamosi na hatarudi tena. Mama alisimamisha cherehani.

"Siku ulipomfuata aje kunizalisha," alisema, "alikuwa kwenye harusi ya mwanawe. Alikuambia umsubiri mpaka Jumapili?"

Baba aliinamisha kichwa. Mama akaendelea kushona.

Asubuhi ya Jumamosi nilitegemea kumwona akifuta gitaa lake. Badala yake alilitundika ukutani, akampigia kinyozi simu na kumwambia watafute mpigaji mwingine. Kisha akachukua nyundo, mkasi na sponji mpya aliyoifuata dukani alfajiri. Hakuniomba nifuatane naye. Nilifuata, lakini nyuma yake, kwa mbali.

Alikifungua kiti mbele ya Bibi Mkunga. Matambara yalitoka, na vipande vya godoro kuukuu, vyote sakafuni, mbele ya mtu aliyewekewa. Baba alisema yote, hakuficha hata gundi. Bibi Mkunga alimsikiliza akiwa amesimama na fimbo yake.

"Sina ugomvi na gitaa lako," alisema. "Ungekuja ukaniambia chumba chenu kina kelele, ningekupa godoro la chumba cha wageni. Wageni wenyewe hawaji. Lakini uliona ni rahisi kumwibia mtu asiyeweza kuinuka." Halafu akanigeukia. "Wewe ulisema ulichokijua. Huo si uongo, mjukuu wangu. Usiubebe."

Nililia hapo, sikuona haya.

Baba alifanya kazi mpaka mchana. Alinipa chaki nichore, nikachora, ila hatukupiga soga. Bibi Mkunga alipokaa na kuinuka mwenyewe mara tatu, tulikusanya matambara tukaondoka. Njiani tulipita mbele ya kinyozi. Wimbo wa baba ulikuwa unarekodiwa, na gitaa lilipigwa na mtu mwingine. Baba alisimama akausikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kupenda muziki si kosa, mwanangu, na nitaendelea kupiga," alisema. "Kosa langu ni kwamba niliulipia kwa kitu cha mtu mwingine. Ndoto ni yangu, kwa hiyo gharama yake ni yangu. Si ya mteja, wala si yako."

Tuliendelea kutembea. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama nitamwamini tena.

Nilitamani kumwambia ndiyo, kwa jinsi nilivyomhurumia. Neno lilifika kwenye ulimi likakwama.

"Bado sijui, Baba."

Alitikisa kichwa kukubali.

"Afadhali umesema kweli," alisema. "Nitasubiri."