Uzi Juu ya Ramani

Fundi cherehani alikuwa akishona suruali pale simu ilipoita. Ni binti yake, aliyekuwa amelazwa hospitalini katika mji wa mbali. Kesho saa tatu asubuhi angefanyiwa upasuaji.

"Baba, nataka nikuone kabla sijaingia."

Fundi akamwambia atafika. Mama wa binti huyo alipofariki, yeye alikuwa bado njiani.

Akaitandaza ramani mezani, akanyoosha tepu kutoka mji hadi mji, kama apimavyo urefu wa gauni. Kilomita mia tatu. Akiondoka na basi la alfajiri, atachelewa. Lakini ndege ya kwanza inaruka saa moja na nusu, na angani ni mwendo wa saa moja tu. Akaanza kupiga pasi shati la safari, moyo umetulia.

Hapo akaingia jirani yake, dereva wa basi mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Breki. Alifuata suruali yake. Alipoelezwa mpango akacheka.

"Fundi, umepima njia ya ndege. Basi halina mabawa."

Akaomba uzi. Akaulaza juu ya barabara, ukauzunguka mlima, ukafika mtoni. Pale daraja lilibomoka, wakubwa wakaja wakapigwa picha, wakarudi kwao. Mpaka leo magari yanazunguka. Breki alipounyoosha uzi kwenye tepu, zilitoka kilomita mia tano. Pamoja na vituo na ukaguzi, akasema, ni mwendo wa saa kumi.

"Si ndiyo maana napanda ndege?"

Breki akatikisa kichwa. Safari, alimweleza, huhesabiwa kutoka mlango wako hadi unakokwenda. Uwanjani unatakiwa ufike saa mbili kabla ya kuruka. Ukishatua, kuna kusubiri mizigo. Na uwanja wa kule uko nje ya mji: hadi hospitali, kwa foleni ya asubuhi, ni saa nzima nyingine.

"Utakuta mwenzio keshaingizwa ndani."

Fundi akaiweka pasi chini. "Basi sitamwona."

"Nani kasema? Sasa ni saa nne asubuhi. Kuna basi la saa tano. Linajikokota, lakini linaondoka leo."

"Na suruali yako?"

"Nitavaa kaptula. Nenda, ndugu yangu."

Fundi alifika usiku, miguu imevimba, akalala kwenye benchi la hospitali. Asubuhi muuguzi alipokuja na kitanda cha magurudumu, binti alifumbua macho akamwona baba yake. Aliushika mkono wake, wakaenda hivyo hadi kwenye mlango ambao ndugu hawaruhusiwi kuuvuka.

Hapo ndipo binti alipoinua kichwa kidogo.

"Baba, umekula lakini?"