Gauni Lililotiwa Uzi wa Bluu

Likizo nzima Cherehani alishinda kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, akimsaidia shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na shangazi mwenyewe. "Mdomo wa huyu mtoto ukiukanyaga tu, unashona mpaka ukutani!" alisema, na wafuaji wote wakacheka. Cherehani hakununa. Alikipenda chumba kile: mvuke, ngurumo za mashine, na zaidi ya yote umbea, maana hakuna jambo la mtaani ambalo halikupita pale likiwa bado bichi.

Mwaka ule shangazi alikuwa akitafuta cheti cha uboreshaji wa kazi. Ili akipate, ilimpasa achague tatizo moja la kazini, alitatue, kisha amwoneshe mtahini kwamba limetatuka kweli. Alichagua upotevu wa nguo za wagonjwa. Dawa yake ilikuwa uzi. Mifuko ilipofika kutoka wodini, kila nguo ilishonwa alama kwenye upindo kabla ya kufuliwa: kijani kwa wodi ya wanawake, nyekundu kwa wanaume, bluu kwa wodi ya wazazi. Mshonaji wa alama alikuwa Cherehani. Tangu hapo nguo hazikupotea, na shangazi akaanza kutembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Siku moja Mzee Pasi, mpiga pasi mkongwe, alikuwa akisimulia jinsi bwana harusi fulani alivyotoroka na gari la kukodi. Utamu ulipokolea, uzi wa kijani ukaisha. Stoo ilikuwa ng'ambo ya ua. Aondoke wakati huo? Thubutu! Cherehani akachukua uzi wa bluu, akaushona kwenye nguo aliyoishika, gauni la njano lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine.

"Nguo moja tu," alijiambia. Kisha akauliza, "Ehe, Mzee, bibi harusi akafanyaje?"

Siku chache baadaye mwanamke mmoja alisimama mlangoni. "Poleni na kazi," alisema kwa sauti ya chini. "Natafuta gauni la mama. Alilazwa wodi ya wanawake, ametutoka. Viatu vyake nimepewa, gauni sikupewa. Ni la njano. Kifungo kimoja nilikitoa kwenye blauzi yangu, nikamshonea."

Sindano ikamchoma Cherehani kidoleni.

Shangazi alipekua rafu zote. "Pole sana, dada yangu. Halikufika kwetu."

Mwanamke hakugomba. Alikaa kwenye benchi la nje. Kesho yake akarudi, na keshokutwa yake pia. Hakuuliza tena. Alitazama tu kila toroli la nguo lililopita.

Cherehani akaanza kupitia mlango wa nyuma. Hata hivyo, gauni lilimfuata. Ndoo ya njano bombani ilimshtua. Shuka zilizoanikwa uani zilipojaa upepo, aliona mabega ndani yake. Akiinama kushona, alihisi mtu amesimama nyuma yake, kimya, akingoja nguo zake. Aligeuka, akakuta mvuke mtupu.

"Vipi, Cherehani imekatika mkanda?" Mzee Pasi alimtania. Cherehani aliinamia sindano yake.

Aseme nini? Shangazi alikwisha kushindwa mtihani wa cheti kile mara moja. "Safari hii nikishindwa, basi tena," alikuwa akisema.

Mtahini alifika, mtu mpole mwenye miwani. Shangazi alimtembeza kote, akamaliza kwa fahari: "Tunadaiwa gauni moja tu, nalo halikuletwa kwetu."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Nje ya dirisha, mwanamke alikuwa palepale kwenye benchi.

"Shangazi," Cherehani alisema, "lililetwa. Nililitia uzi wa bluu."

Shangazi alimgeukia mtahini. "Samahani, bwana. Cheti kingoje. Kuna mtu nje."

Walimwita yule mwanamke, wakaenda wote wodi ya wazazi. Muuguzi alifungua kabati la nguo zisizo na mwenyewe, na gauni lilikuwa pale, limekunjwa vizuri. Mwanamke alilibana usoni, akavuta pumzi.

"Harufu ya mama imeondoka," alisema taratibu. "Asanteni."

Cherehani alitamani angegombezwa.

"Leo siwezi kukupitisha," mtahini alimwambia shangazi. "Utaratibu wako hausemi mtu afanye nini uzi ukiisha."

"Ni kweli," shangazi alijibu.

Aliongeza kanuni: kibunda cha akiba cha kila rangi kikae mezani, na rangi ikikosekana, mfuko ufungwe, ushonaji usimame. Likizo iliyofuata, Cherehani akiwa tena mezani, mtahini alirudi bila taarifa, akaiondoa akiba ya kijani bila kuonekana. Uzi ulipoisha, Cherehani aliufunga mfuko papo hapo. Shangazi akapata cheti chake.

Jioni ile, wakikunja shuka, Cherehani aliuliza, "Shangazi, yule mama wa kwenye benchi amenisamehe?"

"Sijui, mwanangu. Hakusema." Shangazi alivuta ncha za shuka mpaka zikalingana. "Kuishiwa uzi si dhambi, na kukosea tunakosea sote. Lakini ulijua gauni liko wapi, ukamwacha mwenzio akae kwenye benchi. Siku nyingine ukikosea, niambie palepale, hata kama mtahini amesimama mlangoni. Ukinyamaza, kosa ni lako, lakini anayelibeba ni mtu mwingine."